Paka Aliyelalia Daftari la Mwalimu Anjelina

Nakumbuka siku moja ya ukungu huko Gare, nilipomtia paka wa watu ndani ya tenga, nikafunga mfuniko kwa kamba, nikampa dereva wa lori la kabeji ateremke naye Mombo. Mwanangu, nywele zimekuwa nyeupe, lakini hadi leo nikisikia paka akilia nje siwezi kukaa. Nainuka, nafungua mlango, natazama, narudi kwenye kiti, halafu nainuka tena.

Wakati huo nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimeitwa chuo cha ualimu kule bondeni, nasubiri muhula uanze. Mama akanipeleka kwa Mwalimu Anjelina, mwalimu mstaafu aliyewafundisha kusoma karibu watu wote wa upande wetu. Macho yake yalikuwa yamezimika, ila kiu ya vitabu haikuzimika. Asubuhi nilimsomea. Mchana niliandika aliyonisimulia, habari za kijiji chetu, alizotaka ziwe kitabu kabla hajaondoka duniani.

Nyumba ile tuliishi watatu, na wa tatu alikuwa paka wa kijivu aitwaye Nukta. Mwalimu alimpa jina hilo kwa sababu kila alipopanda mezani na kujilaza juu ya ukurasa, sentensi iliishia hapo. Mwalimu alicheka, akampapasa, akaniambia tungoje. Alisema katika kungoja kule ndipo aliyoyasahau humrudia. Mimi damu ilinichemka. Nilitaka daftari liishe, nishuke mlima, nikaone mji. Miguu yangu chini ya meza haikutulia. Nikawa naruka kurasa ninapomsomea, na nafupisha ninapoandika. Aliendelea kusikiliza na kusimulia, nami nikajiona mjanja.

Ndipo ikaja siku ya tenga. Mwalimu alipouliza Nukta yuko wapi, nilisema ametoka, atarudi.

Siku ya pili alishika fimbo yake akatoka mwenyewe, mwanamke asiyeona, akipapasa ua wa michongoma na kuliita jina lile kuelekea kila bonde. Alirudi khanga imelowa umande, magoti yana udongo kwa kuanguka. Siku ya tatu hakutaka kusomewa. Ya nne hakutaka kusimulia. Alikaa tu, sikio kaelekeza mlangoni. Nilimwondoa paka ili kazi iende mbio, na kazi yenyewe ndiyo ikasimama. Mbio za sakafuni, mwanangu, huishia ukingoni.

Chakula kilinishinda. Siku ya tano nikadanganya tena, nikasema naenda Lushoto kununua kalamu, nikapata gari hadi Mombo. Nikazunguka soko zima, nikauliza wauza mboga, nikainama chini ya meza zao nikiita. Yule dereva nilimkuta. Akaniambia alifungua tenga karibu na reli, na paka akatoka mbio akaingia mkongeni. Akashangaa. Akaniuliza kwani nilitaka arudi.

Nilirudi mikono mitupu, nikapiga magoti mbele ya Mwalimu, nikamwamkia, kisha nikasema yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Paka nitamlilia," alisema. "Lakini mkono uliomfunga paka wangu ndio unaoniandikia. Nitajuaje kilichomo humo? Fungua, mwanangu. Unisomee ulichoandika wewe, si nilichosema mimi."

Nikafungua. Nikafika pale aliponisimulia jinsi mlima ulivyoporomoka kwa mvua alipokuwa mtoto. Alikuwa amenitajia waliofunikwa, jina kwa jina, watu kumi na mmoja. Mimi niliona majina yanachosha. Ningeweza kubuni kitu pale pale, maana hakuona. Ila njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imekwisha. Nikasoma kama ilivyo: "Watu kadhaa walifunikwa na udongo."

Alinyoosha mkono, akaupapasa ukurasa.

"Mdogo wangu Luzia," akasema, "alikuwa amenishika mkono. Yeye naye ni kadhaa?"

Hakunifukuza. Angenifukuza, labda ningepumua. Aliniambia kesho tunaanza ukurasa wa kwanza, basi. Chuo kikanipita mwaka ule, nikaenda uliofuata. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tukaandika upya, kila jina nikimrudishia kwa sauti naye akilithibitisha. Mara nyingine aliinua uso ghafla kusikiliza mlangoni, nami nikainamisha wangu. Paka hakurudi. Mwalimu naye alifariki kabla hatujafika mwisho. Daftari ninalo. Kurasa za nyuma ni tupu, na sijathubutu kuzijaza kwa maneno yangu.

Mwanangu, nakuona nawe unapenda kusoma na kuandika, simu mkononi, paka wako magotini. Ni jambo jema. Ila usimwandike mtu kwa haraka. Ukipewa jina, liandike lote, hata likikuchosha, maana kuna aliyemlilia mwenye jina hilo. Kinachokuchelewesha katika nyumba ya mwenzako usikimbilie kukiondoa kabla hujajua yeye anakipendea nini. Na ukikosa, kiri siku ileile, usingoje ya tano kama mimi. Uongo haukai mahali pamoja. Unakuinua kitini na kukutembeza ndani ya nyumba yako mwenyewe mpaka uzeeni.

Mungu akujalie mkono mwaminifu na moyo unaoweza kungoja. Awape amani wale utakaowaandika. Na siku yako ikifika, jina lako nalo liandikwe na mtu asiye na haraka.