Wifi wa Tano Tangini

"Nimeishi na mawifi wanne nyumba moja miaka tisa," Mama Rola alitangaza siku tangi la samaki lilipowekwa saluni, wateja watatu wakiwa chini ya mashine za kukaushia nywele. "Hawa samaki watanishinda nini?"

Bahati mbaya mmoja wa mawifi hao alikuwa nyuma yake, kitana mkononi. Ndiye mdogo wao, na ndiye mbia wake kazini. Wifi wa aina ile hajibu, anaweka akiba.

Tangini mlikuwa na samaki wa dhahabu sita na kamba mmoja wa maji baridi, nyongeza kutoka kwa fundi aliyelifunga tangi. Kamba huyo alikuwa mrefu kama kidole, na magando mawili mbele, kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Mama Rola alimpa rola kubwa ya nywele iwe nyumba. Akaingia kinyumenyume, akaacha magando mlangoni, akatulia. Mama Rola akamwita Wifi wa Tano. Saluni nzima ilicheka, isipokuwa mtu mmoja.

Wiki ya pili samaki mmoja akaonekana na mkia nusu. Wiki ya tatu, mwingine. Wateja wakawa wanakuja kusukwa na kusikiliza kesi. Hapo wifi mdogo akatoa akiba yake: mwisho wa mwezi kamba huyo arudi kwa fundi, tangi na samaki wake pia, na pembe ile iwekwe kiti kingine cha kukaushia, maana kiti hakimng'ati mtu. Mama Rola akakubali. Aliyejisifu hadharani hana pa kulilia. Lakini lilimuuma, kwa kuwa kamba yule alikuwa kiumbe pekee saluni asiyemlalamikia kwamba amemvuta nywele.

Jumatatu, siku ya wateja wachache, alijiketisha mbele ya tangi akatazama. Desturi ya saluni ilikuwa moja: ukimaliza kusukwa, unalisha samaki. Kila mteja alinyunyiza chembe zake, chembe zikaelea, samaki wakazifagia juu kwa juu. Chini haikufika hata moja. Kamba alisimama mlangoni kwake, magando juu, akisubiri. Mkia ukipita karibu, angefanyaje?

"Kumbe ana njaa," Mama Rola alimwambia wifi yake. "Tunawalisha walio juu tu."

Wifi mdogo aliendelea kuchana kichwa cha mteja, ila mkono ulipungua kasi. Katika nyumba ile ya watu kumi na mmoja, yeye ndiye aliyekuwa akifika mezani sufuria inakwanguliwa.

Kuanzia siku hiyo Mama Rola alifunga kipande cha karoti kwenye kokoto kwa uzi wa kusukia, akakizamisha hadi mlangoni pa rola. Mikia ikapona. Lakini wifi mdogo hakusema kwamba kiti hakinunuliwi tena.

Zikiwa zimebaki siku nne, Mama Rola alifika asubuhi akamkuta wifi yake ameketi na chujio mapajani. Ndani yake kamba amelala chali, kapauka, hatikisiki.

"Nilisema arudishwe," wifi mdogo akasema. "Sikusema afe."

Mama Rola akamwinua. Alikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu, na mgongoni alikuwa amepasuka. Akainama kutazama ndani ya rola. Ndevu mbili ndefu zilikuwa zinachezacheza.

"Amejivua gamba tu. Fundi alisema tusilitupe, kamba huwa analila ili apate nguvu."

Wifi mdogo akalirudisha majini kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama anayemvisha wigi mke wa bosi. Halafu akajifanya anafagia.

Kamba alipotoka alikuwa amenenepa. Rola haikumtosha tena, nusu ya mwili ikabaki nje.

Siku ya mwisho wa mwezi wifi mdogo aliaga mchana bila kusema aendako. Mama Rola akajua kiti kinakuja, akaanza kuosha ndoo ya kumbebea kamba wake. Wifi akarudi na mfuko mdogo wa duka la vifaa vya ujenzi. Akatoa kona ya bomba la maji, akaisuuza mara tatu, akaizamisha.

"Ya nini hiyo?"

"Ya wifi yetu. Bila nyumba ya kumtosha atatulia vipi?"

Kona ya bomba, inchi mbili, ni shilingi mia nane; bei ya kiti hakuna aliyeiuliza tena.