Hodi ya Mideva

Katika ploti yao ya nyumba za kupanga, mtaani Mowlem jijini, mwaka wa tisini na tatu, redio nzima ilikuwa moja tu, ya Mideva, mama yake Luseno. Kila jioni matangazo ya vifo yakisomwa alitega sikio, na akisikia msiba wa nyumbani kwa kina jirani yeyote, alijifunga leso akaenda kumbishia mlango ampe habari. Basi watu wakaja kumwogopa kuliko kifo chenyewe.

Siku moja aliishiwa na chumvi, akapiga hodi kwa jirani yake Nabiswa. Nabiswa kumwona tu mlangoni, akajitupa chini na kupiga nduru.

"Ni baba, Mama Luseno? Niambie, ni baba?"

"Ni chumvi! Nimekuja kuomba chumvi!"

Mideva alirudi kwake akifoka. Kwani yeye ni bundi? Tangu siku hiyo, saa ya matangazo ikifika, aliizima redio. Atakayekufa na afe.

Mwezi haukuisha kabla ya mlango wake kubishwa. Alikuwa Nabiswa, macho yamemvimba.

"Ndugu yangu amefika leo kutoka Bungoma. Walitangaza redioni siku tatu, wakaningoja, wakamzika baba bila mimi. Mama Luseno, mbona hukubisha?"