Munyiva Alishuhudia Kabla ya Kupona

Kama wasiwasi ungekuwa kazi ya mshahara, Munyiva wa Kangemi angestaafu akiwa na ghorofa mbili. Mwanamke huyo alikuwa na kipaji. Simu ikilia, kuna mtu amekufa. Isipolia, amekufa na waliobaki wanaogopa kumwambia. Binti yake Kaindi, aliyekuwa shule ya bweni Machakos, akiandika barua kwamba yu mzima, Munyiva aliisoma mara tatu akitafuta anachofichwa. Mumewe Mwau, mlinzi wa lango kwenye nyumba za ghorofa kule Kilimani, alikuwa mtu wa maneno machache asiyesumbuliwa na chochote, na hilo nalo lilimnyima Munyiva raha. Mtu mzima gani hana la kuwaza? Lazima kuna kitu.

Kazi yake ilikuwa kusuka nywele Kenyatta Market. Anayelijua soko lile anajua jinsi kichwa kimoja kinavyovamiwa na wasusi wawili watatu kwa pamoja, kila mmoja na upande wake, ili mteja amalize upesi arudi ofisini. Munyiva alishika kushoto, mwenzake Waceke akashika kulia. Siku Munyiva akiwa ametulia, kichwa kilitoka sawa. Siku akiwa na mawazo, vidole vilivuta, vikavuta tena, mpaka mteja akaondoka nyusi ya kushoto imepanda kana kwamba ameulizwa swali gumu. Waceke alishazoea kuwaambia wateja kwamba zitalegea kufikia Alhamisi.

"Leo ni nini tena?" Waceke angeuliza.

"Kaindi hajaandika."

"Si aliandika wiki jana?"

"Aliandika. Halafu akanyamaza."

Haya, mzaha kando. Kulikuwa na jambo lisilochekesha hata kidogo. Mwaka ule, nadhani ni 2004, moyo ulianza kumwenda mbio bila sababu. Amesimama tu nyuma ya kiti, kitana mkononi, mara kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, jasho linamtiririka mgongoni, na anajua kabisa kwamba sasa anakufa. Dakika kumi baadaye hajafa. Kesho yake tena. Alikwenda kliniki akapimwa, daktari akamwambia moyo wake hauna kasoro, ni woga tu uliozidi, na kwamba kuna mama mshauri anayekaa pale kila Ijumaa kuzungumza na watu wenye shida ya namna hiyo. Munyiva alitoka amenuna. Ati kuzungumza. Yeye alitaka ugonjwa wa heshima, wenye jina refu na vidonge vya rangi mbili.

Basi akaipeleka shida yake kanisani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ushirika wa akina mama wa kanisa lao pale Kangemi uliongozwa na Wamucii, mwanamke mrefu, mwenye sauti ambayo ingeiamuru mvua isimame na mvua ingefikiria. Wamucii hakuamini magonjwa, aliamini kukiri. Na kanisa lile lilikuwa na desturi yake: mtu hangoji kupona ndipo ashuhudie. Anashuhudia kwanza, kwa imani, uponyaji unamfuata nyuma kwa wakati wake. Kuna dada alishuhudia nyumba ya vyumba vitatu akiwa bado anapanga kimoja. Mwingine alishuhudia mume, jina na yote, na huyo mume mwenyewe alikuwa ameketi safu ya pili hana habari.

"Dada Munyiva," Wamucii alimwambia, "Bwana ameshakupa amani. Wewe ndiye hujaipokea. Jumapili simama ukiri."

Munyiva akasimama. Unajua shuhuda zinavyoanza.

"Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena. Kwa majina naitwa Munyiva, nimeokoka, nampenda Yesu kama mwokozi wangu wa kibinafsi. Nataka kumshukuru Mungu kwa sababu wasiwasi umeisha. Umeisha kabisa. Nalala kama mtoto."

Kanisa likapiga makofi na vigelegele juu. Munyiva akaketi, moyo unadunda, akaanza kuwaza kama Mungu alikuwa anasikiliza pale alipotaja kulala.

Ungedhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yalianza. Wiki hiyohiyo Wamucii alimteua kuwa dada wa amani, cheo ambacho hakikuwahi kuwepo, na akatangaza kwamba yeyote mwenye fadhaa asimsumbue mchungaji, amwendee Munyiva. Walimwendea. Walimfuata mpaka sokoni, wakavuta stuli wakaketi. Mmoja mumewe yuko Dubai na ameanza kujibu salamu kwa neno moja. Mmoja ameota meno yanang'oka. Mmoja amepata kazi jengo moja kule mjini, ghorofa ya kumi na moja, na anaogopa lifti kuliko kifo. Munyiva aliwasikiliza wote, akawashika mikono, akawaombea kwa machozi, na ukweli usemwe, alikuwa na kipawa cha kuombea. Walisimama wakiwa wepesi, wakashika njia. Wao wameitua mizigo yao, yeye amejitwika. Hata lifti, ambayo hakuwahi kuwa na ugomvi nayo, akaanza kuiogopa.

"Dada wa amani," Waceke alimnong'oneza siku moja, "hebu mwangalie huyu mteja."

Mteja alikuwa anajaribu kufumba jicho la kushoto na lilikuwa linakataa. Ilibidi wafumue misuko minne.

Waceke hakuwa mtu wa kanisa sana, alikwenda Krismasi na kwenye harusi, lakini alijua alichokiona. "Unaweza kudanganya mchungaji," alisema. "Kichwa cha mtu huwezi."

Munyiva alimwambia anyamaze ashike upande wake.

Kisha ikaja siku ya ushirika nyumbani kwa Wamucii, saa tisa alasiri. Kati ya wimbo na chai, moyo ukamwenda mbio. Akashika meza, meza ikatetemeka, vikombe vikaanza kugongana. Pumzi zikamjia fupifupi. Alitaka kusema, "Nipelekeni hospitali," lakini ulimi haukumtii, ikatoka sauti tu isiyo na maneno. Wamucii akamtazama, akainua mikono yote miwili.

"Ameshukiwa na Roho," akasema.

Basi tena. Wakamzunguka, wakaanza kunena kwa lugha, wakaanza kutikisika, na ndani ya dakika moja akina mama kumi na wanne walikuwa wanatetemeka kwa nguvu kuliko yeye. Maskini Munyiva, aliyekuwa anakufa, hakubaki na hata mtu mmoja wa kumpa maji.

Pumzi ziliporudi, angeweza kusema. Hapo ndipo mimi ninapomlaumu. Alifuta jasho, akaziona nyuso zile zilivyojaa furaha, zikimngoja aseme Bwana ametenda nini. Akasema, "Amina."

Habari zilifika mjini kwa Pasta Mungai. Huyu alikuwa na ibada za saa ya mlo wa mchana kwenye ukumbi wa chini ya jengo moja katikati ya jiji, ambako wafanyakazi wa ofisi walikwenda kulishwa Neno badala ya chipsi. Akamwalika Munyiva aje anene Jumatano ya mwisho wa mwezi. Mabango yakachapishwa yakabandikwa kwenye nguzo mpaka karibu na kituo cha basi: Maisha Bila Wasiwasi, Naye Dada Munyiva. Picha waliyoitumia ilimwonyesha mwanamke aliyetoa macho, kama anayefukuzwa na ng'ombe.

Tangu siku alipoliona bango, moyo ulimshika kila siku, mara nyingine mara mbili. Chakula kikamkataa. Akisimama kusuka, anaketi tena, na Waceke akawa anasuka pande zote mbili. Na shida yake ilikuwa hii, wala usimcheke. Akina mama wale ndio waliosafiri naye mpaka Kitui kumzika mama yake. Ndio waliomfulia na kumpikia alipolazwa mwaka uliotangulia. Akisema kweli, atawaaibisha wote, Wamucii wa kwanza, na nani atabisha mlango wake tena? Asiposema, itambidi aivae amani hiyo mpaka afe, na kwa hesabu zake hilo halikuwa mbali. Alikuwa na hofu, na alikuwa peke yake katika hofu hiyo, katikati ya watu wanaompenda.

Asubuhi ya Jumatano, Mwau alimkuta anapiga gauni pasi kwa mara ya tatu.

"Mama Kaindi, usiende."

"Nimebandikwa kwa nguzo, Baba Kaindi. Nitakosaje kwenda?"

"Basi nenda uwaambie."

"Niwaambie nini?"

"Vile unaniambia mimi." Akachukua kofia yake ya kazi, akaenda zake Kilimani.

Saa saba na dakika kumi ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Suti, tai, makarani, wenye maduka ya vitambaa, askari wawili wa kanjo, wale wa baraza la jiji, waliovua kofia. Safu ya mbele ilikuwa ya akina mama wa Kangemi katika vitenge vya sare, Wamucii katikati. Pasta Mungai akamtambulisha Munyiva kwa maneno ambayo hata malaika wangeona haya kuyapokea, kisha akamkabidhi kipaza sauti.

"Bwana asifiwe," Munyiva akasema.

"Amina," watu mia tatu wakajibu, na sauti yao ikampiga kifuani. Moyo ukaondoka. Vidole vikafa ganzi, mkono ukaanza kutikisika, na kipaza sauti kikachukua pumzi zake kikazitangaza ukumbi mzima. Safu ya mbele wakatazamana. Walilijua jambo hili. Mmoja akasema "moto wa Roho", mwingine akasimama, mpiga kinanda akaingia na mdundo, na kabla hujapepesa jicho, ukumbi wote ulikuwa juu unapunga mikono, askari wa kanjo nao wamo.

Hapo Munyiva akakasirika. Alishawahi kufa mara moja mbele ya watu wanaoshangilia, na hakuwa tayari kufa mara ya pili.

"Hebu nyamazeni," akasema.

Hawakumsikia.

"Nimesema nyamazeni. Keti chini, wewe wa kinanda. Huyu si Roho. Roho namjua akija, na huwa hanifanyi hivi. Huu ni woga."

Wakanyamaza. Kinanda kilitoa noti moja ya peke yake, nacho kikaacha.

"Naitwa Munyiva," akaendelea, "na nilishuhudia kabla ya kupona. Silali. Moyo unanishika, hata saa hii umenishika, mnausikia. Siku ile kwa ushirika sikushukiwa, nilikuwa naomba hospitali. Daktari alinituma kwa mama mshauri nikakataa, nikaona aibu. Nimeombea watu na wengine wamesaidika, hiyo ni ya Mungu, siichukui. Lakini mimi kila siku nimekuwa nikimwambia asante kwa kuniponya, asante kwa amani, na sijawahi hata mara moja kumwambia kwamba naogopa. Mimi na yeye tumekuwa tukizungumza habari za mtu mwingine."

Alifumba macho. Hakuna aliyemwambia aombe, aliomba tu, kwa sauti ya mtu anayeongea jikoni.

"Mungu, naogopa. Ni mimi, Munyiva. Nishike."

Hakuna aliyepiga makofi. Pasta Mungai alikuwa anavitazama viatu vyake. Munyiva alibaki amesimama, mkono bado unatikisika, na cha ajabu ni kwamba haukumsumbua kama zamani, maana hakuwa tena na kazi ya kuuficha. Lakini moyoni alikuwa anangoja, na alijua anamngoja nani.

Wamucii akainuka. Akazipanda ngazi za jukwaa polepole, kitenge kinachakarika, urefu wake wote ukamjia Munyiva, na Munyiva akasogea kando ampishe akemewe mbele ya watu. Alishaanza kuwaza nani atamsaidia kubeba vyombo akihama Kangemi.

Wamucii hakuchukua kipaza sauti. Aliinama mpaka sikioni pake.

"Dada, unakumbuka mwaka jana nilishuhudia presha imeisha?"

"Nakumbuka."

"Haikuisha. Dawa huwa nameza chooni."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini sauti ya chini ya Wamucii ni ya juu ya mtu mwingine, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Munyiva, karibu na videvu vyao. Ukumbi mzima ulisikia. Wamucii naye alijisikia akitoka kwenye spika za nyuma. Aliduwaa, mkono ukiwa umeushika mkoba kifuani.

"Unameza saa ngapi?" Munyiva akamuuliza.

"Saa hizi," Wamucii akasema. "Saa saba na nusu."

Juu ya meza kulikuwa na glasi ya maji aliyowekewa mnenaji. Munyiva akaishika kwa mikono miwili isimwagike, akampa.

"Basi meza hapa, dada yangu."

Wamucii akafungua mkoba, akatoa kidonge, akakimeza mbele ya watu mia tatu, akarudisha glasi. Kisha kutoka safu ya nne, halafu kule nyuma karibu na mlango, halafu katikati ya akina mama wa vitenge, zikaanza kusikika zipu za mikoba zikifunguliwa.