Uzi wa Buibui Juu ya Ufa

Niliporudi Kaloleni juzi, baada ya kutangatanga kama kawaida yangu, nilikuta viti vya plastiki vimepangwa nje ya mlango wa mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu. Amefariki, mapafu yamemshinda, niliambiwa. Jina lake naiachia familia yake. Mimi nitasimulia habari ya ufa.

Ufa huo ulikuwa ukutani mwa jirani yake, mama muuza mandazi, katika chumba cha mawe kilichoongezwa nyuma ya nyumba. Buibui alikuwa ametandaza uzi kutoka upande mmoja wa ufa hadi wa pili, na mzee akakataza usifagiliwe: ukikatika, ukuta umesogea, tokeni. Kiangazi ukakatika. Akawatoa wote na magodoro yao, wakashinda nje juani, na ukuta ukasimama vilevile. Mtaa ukambandika jina, Daktari wa Buibui. Hakununa. Alikusanya nyuzi akazijaribu jikoni kwake: kando ya makaa zilikakamaa, ukizigusa zinakatika, juu ya mvuke wa sufuria zililainika, zikavutika kama mpira.

Masika ya mwaka huo yalinikuta huko. Buibui alikuwa ameshatanda uzi mwingine, na maji yakipita chini ya msingi. Mzee akasimama mlangoni pa yule mama.

"Mama, toa watoto. Saa hii."

"Umeanza tena, Daktari? Si uzi huo hapo, mzima!"

"Ndiyo maana naogopa. Umeloa unyevu. Ukuta utasogea, huo uzi uvutike tu, usikatike."

"Na si ni wewe ulituambia tuuangalie?"

"Ni mimi. Leo nakwambia usiuangalie."

Majirani waliangua kicheko. Mama hakucheka. Aliutazama uzi, akamtazama mzee, mafuta yakichemka karaini. Kisha akaepua karai, akabeba mtoto mdogo na beseni la unga, akatoka akilalamika kwa Kiluhya. Unga ule ulikuwa haujaumuka ukuta ulipoangukia kitanda.

Tunaoishi mitaa hii ya zamani tunaishi kwa dalili: ufa, harufu ya waya, mlango uliokataa kufunga. Tukishafundishwa dalili moja tunaishikilia, hata hali ya hewa ikishabadilika. Mzee angeweza kunyamaza siku ile. Uzi ulikuwa mzima, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichagua kuchekwa mara ya pili. Mtu anayeifuta dalili aliyoiweka mwenyewe, mbele ya watu wanaomcheka, msibishane naye. Tokeni kwanza.