Gari Jepesi Lililonivunja Nyonga

Kabla ya ajali nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Arua. Watu wa Pajulu, kitongoji jirani, waliniletea baiskeli na majembe, nami nikaishi vizuri. Ndipo akaja mtu aliyejiita Injinia. Jina lake silitaji, halistahili mate yangu. Alitaka tuunde gari dogo, jepesi, la kubeba abiria hadi mji wa Koboko kwa mafuta kidogo.

Niliweka vyuma ndani ya milango, na mikanda kwenye viti. Akacheka. "Wewe fundi ya majembe tu. Hii chuma iko uzito ya bure." Akavitoa vyote, pamoja na mikanda. Nami, mjinga, nikaketi kando yake siku ya kulijaribu.

Karibu na Koboko ng'ombe alivuka barabara. Injinia akakata usukani, tukagonga lori lililosimama. Gari likakunjamana kama kopo. Mlango uliniingia nyongani, nikasikia mfupa ukivunjika. Nilijikojolea. Yeye alitoka na mkwaruzo wa kiwiko, akaanza kulilia gari.

Hospitalini daktari alisema, "Nyonga imevunjika, na mbavu tatu. Utatembea, lakini si karibuni."

Wiki ya pili kidonda cha nyongani kilioza, kikatoa usaha na harufu ya kufukuza wageni. Homa ilinitetemesha. Mke wangu Hawa alinisafisha, akanigeuza, akaninywesha uji. Injinia alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni ameziba pua.

"Ni bahati mbaya," alisema.

Hawa akamjibu, "Bahati iko wapi? Mutu ametoa chuma na mkono yake!"

Daktari alikisafisha kidonda upya, akabadilisha dawa. Homa ikashuka. Baada ya miezi ya magongo nilirudi karakanani, nikaunda gari jingine, jepesi vilevile. Pua ya gari hilo hukunjika na kumeza kishindo, lakini chumba cha abiria ni kigumu, na mikanda ipo. Mimi na majirani tulilisukuma mteremkoni likagonga ukuta. Gunia la muhogo tulilolifunga kitini halikuchanika.

Injinia akaja kutangaza kwamba wazo lilikuwa lake. Nikamfungulia mlango. "Ingia basi, tusukume tena." Ghafla akakumbuka ana safari.

Namshukuru Mungu, daktari, na Hawa. Ewe unayeoza kitandani leo, usione haya kuonyesha kidonda chako, kikifichwa kinaua. Na kabla ya kupanda gari la mwenye maneno mengi, piga mlango ngumi. Ukilia kama bati, nenda kwa miguu. Kutembea si aibu. Mimi nilijifunza upya nikiwa na wajukuu.