Injini Nyeusi ya Bwana Rajabali

Harufu ya rangi mbichi ndiyo iliyotutia wasiwasi. Uwanja wetu wa Temeke ulikuwa na harufu zake tulizozizoea, za grisi, mafuta ya taa na mpira uliochomeka juani, kwa kuwa baba yangu, Fundi Saidi, alitengeneza magari ya watu pale pale nyumbani, chini ya banda la makuti. Lakini kupaka rangi haikuwa kazi yake. Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Asubuhi hiyo Bwana Rajabali alikuja na gari lake dogo la milango miwili, na nyuma yake mkokoteni uliobeba injini kubwa iliyoviringishwa magunia. Magunia yalipofunguliwa, injini ilikuwa nyeusi tii na bado inanata vidoleni.

Bwana Rajabali alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa sokoni. Kanga zote za mama zilitoka kwake. Alitaka injini ile iingie katika kigari chake, maana kila alipopakia majora ya kupeleka kwa wateja wa Goba, gari lilikata pumzi kilimani, akashuka kusukuma. Baba akamweleza kwamba atalazimika kukata chuma cha mbele, kusogeza rejeta na kuongeza majani ya springi. "Fanya, Fundi," alisema. "Ila watu wasiione. Ifunike."

Neno hilo mama hakulimeza. Kutwa nzima alikuwa akipita bandani bila shughuli, akiinua turubai na kulishusha. "Mtu na injini yake ya halali aifunike ya nini?" alimwuliza baba. "Na nguvu zote hizo kwenye kigari kama kiatu, anamkimbia nani?" Baba alimwambia amwache afanye kazi. Akakata, akachomelea, akaining'iniza injini kwa mnyororo na kuishusha polepole hadi ikakaa, boneti ikigoma kufunga kwa upana wa vidole viwili. Ila siku alipokuwa akikaza nati za mwisho, spana iliteleza na kubandua rangi kwenye kifuniko cha juu. Chini ya weusi kulikuwa na kijani, kijani kibichi kama jani la mgomba. Baba alikwangua tena kwa ukucha, akatazama, kisha akaweka spana chini na kunawa mikono. Hakuiwasha. Siku hizo fundi aliyekutwa na mali ya wizi aliondoka na pingu sawa na mwizi mwenyewe, na baba alikuwa na sisi watoto wanne. Askari mmoja aliposimamisha baiskeli yake mlangoni kuomba maji ya kunywa, mama alimpa kata huku maji yakimwagika miguuni mwake.

Kesho yake mama alinishika mkono tukaenda dukani. Bwana Rajabali hakuwepo. Alikuwepo mkewe, Bi Sakina, mwanamke mpole aliyezoea kunipa vipande vya vitambaa nishonee mwanasesere. Mama hakuzunguka. "Dada, ile injini ya kijani mliyoipaka rangi nyeusi, mmeipata wapi?" Mkono wa Bi Sakina ulikuwa ukipima kitambaa, ukasimama. "Kijani?" alisema. Akakaa juu ya majora.

Alasiri alikuja kwetu kwa teksi, na mumewe akafika nyuma yake akihema. Bi Sakina alifunua turubai mwenyewe, akaona ile sehemu iliyobanduka. Ndipo tukajua. Ilikuwa injini ya gari la kaka yake, Abbas, aliyefia njiani gari lake lilipopinduka. Abbas mwenyewe ndiye aliyeipaka kijani, kwa mkono wake.

"Ulisema umeitupa," alimwambia mumewe.

"Ni chuma kizima, Sakina. Kingeliwa na kutu bure. Nilificha usije ukaumia."

"Na mlio wake ungeuficha wapi? Kila ukirudi jioni nitasikia Abbas anarudi. Nitatoka mlangoni mara ngapi?"

Bwana Rajabali alimtazama baba, na baba, bila kuambiwa, akachukua spana. Mama alimtandikia Bi Sakina mkeka, akaketi naye, uso ameuinamisha. Ile injini ndogo ya zamani ilirudi mahali pake, lakini Bwana Rajabali hakurudi kwetu tena. Nilimsikia mama akimwuliza baba kama amekosea. "Mie sijui," baba alijibu. "Ulidhani mwizi. Hata mie nilidhani."

Mwezi uliopita mjukuu wangu, huko Kinyerezi, aliweka injini kubwa katika gari lake dogo. Ilishushwa kutoka kontena pamoja na nyingine mia, zote zimeoshwa. Nikamwuliza ilikuwa ya nani. Akacheka. "Bibi, imetoka Japani. Nani amjue mwenyewe?" Aliiwasha, majirani wakatoka kusifu, nami nikasimama kati yao nikiitazama kwa shaka ile ile ya mama. Tofauti ni kwamba mama alikuwa na mtu wa kwenda kumwuliza.