Chakula cha Wapishi

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa hoteli kubwa, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Shefu, hata watoto wa chekechea. Mkewe peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Baba Mapacha, ingawa mapacha wenyewe walishaoa wakahamia mbali. Alistaafu mwaka jana akiwa na visu vyake sita, mgongo unaomsumbua, na majivuno ya kutosha kugawia ukoo mzima.

Majivuno hayo aliyatoa kazini. Kule hotelini kulikuwa na sheria moja: sahani ikirudi jikoni imejaa, kosa ni la mchuzi. Humuulizi mgeni kitu. Unaongeza siagi, unaongeza krimu, unapanga majani upya juu yake, unairudisha mezani.

Basi mkewe alipotoka hospitali baada ya upasuaji wa tumbo, akawa hataki kula, Shefu hakubabaika. Alifunga aproni. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mgonjwa ale chakula laini anachokitaka mwenyewe, na asipokula mpaka Ijumaa arudishwe wodini awekewe mpira wa puani. Mama Mapacha alikuwa ameuona mpira huo kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Aliuogopa kuliko kisu cha upasuaji.

Jumatatu alipikiwa samaki kwa mchuzi wa krimu. Sahani ikarudi. Jumanne samaki yuleyule akaongezewa siagi na jibini, akarudi vilevile. Jumatano ilikuwa zamu ya kuku, masikini, aliyetolewa mifupa yote, akajazwa uyoga, akafungwa uzi kama kifurushi cha posta. Mama Mapacha alimtazama kuku, akamtazama mumewe, akageukia ukutani.

Mdogo wake Mama Mapacha, ambaye alikuja kila asubuhi kufua, alishindwa kujizuia.

"Shemeji, huyu ni mgonjwa au mgeni wa hotelini? Hilo ua la karoti nani atalila?"

"Macho ndiyo yanayoanza kula," alijibu Shefu.

"Basi macho yameshiba. Tumbo je?"

Shefu alinuna, akaenda kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Ila moyoni alikuwa na hofu. Karamu za watu mia tatu hazikuwahi kumshinda, na sasa anashindwa na mtu mmoja, tena mke wake wa ujana. Usiku alihesabu siku zilizobaki, akakosa usingizi, na hakumwambia mtu.

Alhamisi mchana sahani ya nne iliporudi, alikata tamaa. Hata yeye alikuwa na njaa, maana tangu asubuhi alikuwa akionja tu. Akafanya walichokuwa wakifanya wapishi wote kule hotelini, jambo ambalo wageni hawakulijua kamwe: hakuna aliyekula alichowapikia wageni. Ukishinda kutwa unanusa siagi na vitunguu saumu, koo linakataa lenyewe. Kwa hiyo nyuma ya majiko makubwa palikuwa na sufuria ndogo ya wapishi, chakula cha kuchemsha na chumvi, basi. Walikila wamesimama, kwenye kifuniko cha sufuria, na meneja akitokea wanakificha.

Shefu alichemsha viazi viwili na kipande cha boga, akavipondaponda pamoja, akatia chumvi. Hakupamba kitu. Alisimama kando ya jiko, kifuniko mkononi, mvuke ukimpanda usoni. Alikuwa kwenye kijiko cha tatu aliposikia ndara zikiburuzwa ukumbini.

Mama Mapacha alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta. Tangu atoke hospitali hakuwa amekwenda mbali zaidi ya chooni.

"Unakula nini? Kinanukia mpaka chumbani."

Shefu akaficha kifuniko nyuma ya mgongo. Mkono ulijiendea wenyewe.

"Si kitu. Chakula cha wapishi tu."

"Lete nione."

Akakaa kwenye stuli, akampokonya kijiko. Akala kijiko kimoja, akafumba macho. Akala cha pili.

"Pole pole, mama. Kidonda bado kibichi."

"Hiki ni changu," alisema. "Mimi ndiye ninayepika hivi."

"Ni chako. Nilikipeleka hotelini mwaka ule tulipooana. Jikoni wote walikuwa wakikigombania."

Mama Mapacha akaweka kijiko chini.

"Hukuniambia."

"Niseme nini?"

"Miaka yote hiyo, Baba Mapacha! Nina mume mpishi mkubwa, na kila jioni namwekea boga na chumvi. Nilikuwa naona aibu. Nikajua unakula kwa kunistahi tu. Na wiki hii, kila sahani uliyoniletea, nikasema moyoni, haya, leo ananionyesha alichokuwa akikikosa kwangu. Kingepita kooni?"

Shefu alikumbuka jinsi alivyokuwa akivua aproni kabla hata saa ya kutoka haijafika, wenzake wakimcheka, akikimbilia sahani hiyohiyo. Kila jioni aliongezewa mara mbili, mara tatu. Alidhani hayo yalitosha. Katika kazi yao wageni ndio waliosifu chakula. Mpishi alikula akanyamaza, na yeye akaubeba ukimya huo mpaka nyumbani.

Alipiga magoti sakafuni, mgongo ukilalamika, akaokota kijiko na kumrudishia mkononi.

"Kitamu," alisema. "Mama Mapacha, tangu siku ya kwanza ni kitamu. Sijawahi kutamani kingine."

Mkewe alilia, lakini hakuacha kula.